Umetumiwa mswada wa mwenzio, ufanyeje nao? Majibu ya barua zenu

Mwezi uliopita niligusia kidogo tu habari ya wahakiki, wale watu ambao jarida la kitaaluma linawatumia mswada wa mtafiti kabla haujachapwa wausome waseme unafaa, haufai, au urekebishwe wapi, alafu nikasema mwenye swali aniandikie. Barua zilizokuja zimenishtua, na sio kwa wingi tu, nyingi zimeandikwa na watu wanaoumia kimyakimya, mmoja aliandika nusu akaacha akamalizia kesho yake. Kumbe watu wanalo moyoni na hawana pa kulisemea. Kazi yenyewe inafanyika gizani, mwandishi hamjui mhakiki, mhakiki pengine naye hamjui mwandishi, hela hakuna, semina hakuna, siku moja unapata tu imeli ya mhariri inakuomba usome kazi fulani ndani ya wiki tatu na hakuna aliyewahi kukuonyesha inasomwaje.

Majina nimetoa yote na vyuo nimetoa, hata kwa walioniruhusu, maana fani zetu ni ndogo na watu wanajuana. Barua ndefu nimezifupisha.

Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa pili PhD hapa Dar. Supavaiza wangu ni mtu mkubwa, majarida yanamtumia sana miswada, na yeye ananiforwadia anasema "nisomee hii, niandalie ripoti kufikia Ijumaa". Naandika kurasa mbili tatu, anabadilisha sentensi chache anatuma kwa jina lake. Nimeshafanya mitano. Silalamiki maana najifunza sana, ila juzi umekuja mswada wa mada ileile ya tasnifu yangu na wana njia ya kupima ambayo mimi sikuifikiria kabisa. Nimeshausoma, siwezi kuusahau. Je nilichokua nafanya ni kosa? Na sasa nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Kumsaidia mkubwa wako kusoma mswada sio kosa, wengi wetu ndivyo tulivyojifunza, na supavaiza anayekaa na mwanafunzi wake wakahakiki pamoja anafanya jambo jema sana. Kosa ni mhariri kutojua. Ule mswada ni amana. Mwandishi alimkabidhi mhariri, mhariri akamkabidhi mtu mmoja kwa jina lake, na mwenye kupewa amana haipeleki nyumba ya pili bila kumwambia aliyemkabidhi, hata kama nyumba ya pili ina kufuli zuri zaidi. COPE, ile kamati ya maadili ya uchapishaji iliyoanzia Uingereza mwaka 1997, imeliweka hili wazi kwenye mwongozo wake wa wahakiki: ukitaka mtu akusaidie muulize mhariri kwanza, na aliyesaidia ajulikane.

Ngoja nikusimulie kisa cha Marekani maana kinafanana na chako mpaka mwili unasisimka. Mwaka 1978 mtafiti kijana anaitwa Helena Wachslicht-Rodbard, alikua kwenye taasisi za taifa za afya za kule, NIH, alipeleka mswada New England Journal of Medicine kuhusu insulini kwa wagonjwa wa anoreksia, ule ugonjwa wa mtu kujinyima chakula mpaka anabaki mifupa. Jarida likamtumia Philip Felig, profesa mkubwa pale chuo kikuu cha Yale, auhakiki. Felig akampa mtu wake wa chini, Vijay Soman, na Soman mwenyewe alikua kwenye utafiti huohuo. Ripoti ikarudi kwa mhariri inasema mswada usikubaliwe. Huku nyuma Soman akachukua vipande vya maneno ya Helena akatia kwenye makala yake, jina la Felig likaingia pia kama mwandishi mwenza, ikapelekwa jarida jingine. Sasa Mungu si Athumani, hilo jarida jingine likamtumia makala bosi wa Helena aihakiki, na bosi naye akampa Helena amsomee. Anafungua anakuta sentensi zake mwenyewe zinamtazama.

Alilalamika, akaambiwa hili na lile, jambo likavutwa mpaka mwaka 1980 alipokuja mkaguzi kutoka nje ndo Soman akakiri, na ikaonekana hata data zenyewe zilikua na matatizo makubwa. Soman akaondoka Yale. Felig alikua ameshahamia chuo kikuu cha Columbia kwenye cheo kikubwa, ikabidi akiache. Na Helena? Alishachoka, aliacha utafiti akaenda kutibu wagonjwa. Hapo ndo panaponiuma mimi, aliyekua na haki ndo fani ilimpoteza.

Angalia vizuri lakini. Felig hakukaa chini kunakili maneno ya yule dada. Alifanya hichohicho anachofanya supavaiza wako, alimpa kijana wake mswada wa mtu mwingine bila kuuliza kijana wake anashughulika na nini. Na bosi wa Helena naye alifanya hivohivo! Njia ilikua ileile pande zote mbili.

Sasa wewe. Huu mswada uliofanana na wako usiuandikie ripoti, acha hapohapo, nenda kwa supavaiza wako na ukweli ulivyo: "Prof, huu umegusa tasnifu yangu, naomba tumwambie mhariri." Yeye ndo amwandikie mhariri ajitoe, au aeleze hali mhariri aamue. Futa kopi uliyonayo kwenye laptopu na kwenye simu. Chukua daftari lako la utafiti, andika tarehe ya leo na hali ya kazi yako ilivyo leo, mpe mtu wa tatu unayemwamini kwenye idara asaini, hiyo itakulinda wewe siku ikija kusemwa uliiba. Ile njia yao ya kupima usiiguse mpaka itoke hadharani, ikitoka unaitumia na unawataja kama unavyomtaja mwingine yeyote. Kama wameshaiweka wenyewe kwenye hifadhi ya wazi ya mtandaoni ambapo kila mtu anasoma, basi ni ya wazi, itaje kutoka huko.

Ile mitano ya nyuma imeshapita, ila muombe supavaiza wako kwa adabu kwamba kuanzia sasa jina lako litajwe kwa mhariri. Fomu nyingi za majarida saivi zina sehemu inauliza kabisa kama kuna mtu alisaidia, ni kujaza tu. Akikataa, mwambie huna nafasi kwa sasa kwa sababu ya tasnifu. Najua sio rahisi, yeye ndo anasaini karatasi zako. Ila "sina nafasi" ni sentensi ambayo hakuna profesa anayeweza kukuadhibu kwayo.

Mimi ni mhadhiri huku Eldoret. Miaka miwili iliyopita nilihakiki mswada, nikaukubali, lakini jarida likaukataa. Tangu hapo nautafuta haujatoka mahali popote. Kulikuwa na wazo zuri sana ndani na naona linaoza bure. Naweza kulifanyia kazi?

Hapana ndugu yangu. Mswada ukikataliwa unarudi kwa mwenyewe, hautupwi barabarani ukaokotwa na anayepita. Hujui kwanini haujatoka, pengine mtu anauguza, pengine amepeleka kwengine wanamzungusha, pengine anakusanya data zaidi kwa sababu ya yale uliyomshauri wewe.

Mwaka 2016 jarida la Annals of Internal Medicine lilichapa barua ya daktari mtafiti wa Boston, Michael Dansinger, ameielekeza kwa mtu ambaye hakumtaja jina. Huyo mtu alikua mhakiki wa mswada wa akina Dansinger kwenye jarida hilohilo, mswada ukakataliwa, baadae akina Dansinger wanakuja kuiona kazi yao imechapwa kwengine na majina ya watu wengine, matokeo yaleyale, na wagonjwa wamebadilishwa kuwa wagonjwa wa kubuni ambao hawakuwahi kuwepo. Fikiria kazi ya tiba, daktari mwingine aisome aamini wale wagonjwa wapo. Makala iliondolewa. Ninachokikumbuka kwenye ile barua ni kwamba hakutukana, alimweleza tu mwenzake kwa utulivu amefanya nini na amewaumiza akina nani.

Wewe hujaiba na umeuliza kabla, hilo nakuheshimu nalo sana. Njia ya halali ipo na watu wengi hawaijui: mwandikie mhariri wa lile jarida, mwambie ulihakiki mswada namba fulani, ungependa kuwasiliana na mwandishi ikiwa na yeye atakubali. Mhariri atamuuliza. Akikubali mnaweza hata kufanya pamoja, na mtu ambaye mswada wake umekataliwa akisikia kuna mtu miaka miwili baadae bado anauwaza, nadhani atalia kwa furaha.

Mwalimu naomba unisaidie, Kiingereza changu cha kuandika sio kizuri, nikihakiki natia mswada wote kwenye akili mnemba inaniandikia ripoti safi kabisa kisha naisoma kama iko sawa natuma. Kuna ubaya?

Upo, na ni mkubwa. Ukishapakia ule mswada kwenye hizo programu umeutoa nje, hujui unahifadhiwa wapi wala nani atausoma au utafundishia nini. NIH ya Marekani Juni 2023 waliwapiga marufuku kabisa wahakiki wa maombi ya fedha za utafiti kutumia akili mnemba kwa uhakiki, na sababu ya kwanza waliyotoa ni hiyohiyo ya siri. Wahariri wa majarida makubwa ya tiba nao mwaka huohuo waliweka kwenye mapendekezo yao kwamba mhakiki asipakie mswada pale ambapo usiri hauna uhakika. Kila jarida sasa lina msimamo wake, mengine yanaruhusu kusafisha lugha tu ukisema wazi, kwahiyo soma maelekezo yao au uliza.

Alafu kuna hili la mwaka 2025. Gazeti la Nikkei la Japani liligundua miswada 17, kutoka vyuo 14 vya nchi 8, imefichwa ndani yake maneno kwa herufi nyeupe juu ya karatasi nyeupe au kwa herufi ndogo mno, macho ya mtu hayaoni ila mashine inasoma, na maneno yenyewe yanaiamuru mashine itoe uhakiki wa kusifu tu. Wewe ungetuma sifa ulizoandikiwa na mwandishi mwenyewe, kwa jina lako.

Ila nakuelewa kwenye lugha, na hapa ndo ningependa unisikilize vizuri kuliko pote. Mhariri hakukutafuta kwa sababu ya Kiingereza chako. Kakutafuta kwa sababu umekaa kwenye hiyo fani, unajua sampuli ya watu 40 kijijini inapatikana kwa shida gani, unajua swali lipi la dodoso mama wa pale atalijibu kwa aibu. Hilo mashine haina. Andika sentensi fupifupi: kwenye jedwali la kwanza jumla haitoshi, sehemu ya mbinu haisemi waliochaguliwa walichaguliwaje. Ikiwa jarida ni la Kiswahili andika Kiswahili na mambo yaishe. Kama sarufi inakusumbua muombe mtu akusahihishie sentensi zako bila kumwonyesha mswada wenyewe. Hakuna mwandishi aliyewahi kuumizwa na ripoti yenye Kiingereza kibovu inayosema kweli.

Naandika kutoka Unguja. Mhakiki wa makala yangu kasema kila kitu ni sawa ila niongeze marejeo 9. Nimeyaangalia, 8 ni ya mtu mmoja, na 6 hayahusiani na ninachoandika. Nimeambiwa na wenzangu niongeze tu itoke haraka, nina promosheni mwezi wa 9.

Wenzako wanakutakia mema lakini usiongeze yote. Yasome yote tisa kweli, yale yanayohusika yaweke, kuna wakati mhakiki anakutajia kazi yake kwa sababu ndio inayofaa, sio kila mara ni ujanja. Yasiyohusika yaache, na kwenye ile barua ya majibu andika kwa upole kwamba umeyasoma, haya na haya umeyaingiza, haya sita hukuona yanaposhika kwenye hoja yako. Alafu mwandikie mhariri imeli ya pembeni mistari mitatu tu, usimtuhumu mtu, mwambie hesabu: 8 kati ya 9 ni ya mwandishi mmoja. Mhariri mzuri atajua.

Na usidhani ni wewe peke yako. Jarida la Bioinformatics mwaka 2019 lilitangaza kumfungia mhakiki mmoja ambaye kila ripoti aliyoandika aliomba yaongezwe marejeo, kwa wastani 35 kwa ripoti moja, na karibu asilimia 90 yalikua ya kwake mwenyewe. 35! Na waandishi walikua wanaongeza, kwa sababu hiyohiyo uliyonitajia, kila mtu ana promosheni yake. Hicho ndo kinachonikasirisha kwenye jambo hili, mhakiki anajua mwandishi hana nguvu ya kukataa na anaitumia hiyo hali kujijengea jina. Angesimama mlangoni na bakuli tungemwona, huku hatumwoni.

Jarida limeniomba nipendekeze wahakiki watatu. Rafiki yangu anasema nifungue imeli tatu kwa majina ya maprofesa wa kweli nijihakiki mwenyewe, anasema watu wanafanya. Ni kweli?

Ni kweli wanafanya na ni kweli wanakamatwa. Mwaka 2012 mtafiti wa Korea Kusini, Hyung-In Moon, alikamatwa kwa hilohilo, na kilichomuumbua ni kwamba ripoti zilikua zinarudi ndani ya saa 24, mhariri akajiuliza tangu lini wahakiki wakawa na haraka hivi. Makala 28 zikaondolewa. Mwaka 2017 jarida la Tumor Biology liliondoa makala 107 kwa mpigo kwa sababu ya uhakiki wa uongo. Huyo rafiki yako usimfuate, na hao maprofesa ambao majina yao angeyatumia ni watu, wana heshima zao. Pendekeza watu watatu ambao hujawahi kuandika nao, weka imeli zao za chuo.

Mwalimu, nafundisha fasihi ya Kiswahili. Nikitumiwa mswada, hata jina likifutwa, nikisoma kurasa mbili namjua mwandishi. Tuko wachache, tumesoma pamoja, tumeoleana. Sasa nikijitoa kila mara si sitahakiki kabisa? Halafu kuna kitu kingine naona aibu kusema. Mwandishi mmoja alihisi ni mimi niliyemhakiki, makala ilivyotoka akanitumia elfu hamsini kwa simu akaandika "ya soda".

Hiyo pesa irudishe leo, kabla hujamaliza kusoma safu hii. Mpigie umshukuru kwa moyo wake, usikubali wala usikatae kwamba ni wewe uliyemhakiki, mwambie tu hupokei, alafu mjulishe mhariri. Najua kwetu mtu akitendewa jema anashukuru kwa mkono, sio lazima alikua na nia mbaya. Ila kesho ataleta mswada mwingine na wewe utakua umeshakunywa ile soda.

Kuhusu kujuana, kumjua mtu peke yake hakutoshi kukutoa, vinginevyo fani ya Kiswahili isingehakikiwa na mtu. Angalia kama kuna kitu utapata au utapoteza kazi yake ikipita au isipopita. Mmeandika pamoja miaka ya karibuni, ulimsimamia tasnifu au alikusimamia, mko idara moja, mnaomba fedha za mradi mmoja, mmeoleana, basi jitoe. Na ugomvi pia uhesabu. Watu wanafikiri mgongano wa maslahi ni undugu tu, kumbe mtu aliyekusema vibaya kwenye kongamano mbele za watu ukihakiki kazi yake na donda bado bichi, hata ukijitahidi vipi kalamu inaenda yenyewe. Mkiwa mnajuana tu kama mnavyojuana wengi, mwandikie mhariri: nadhani namtambua mwandishi, uhusiano wetu ni huu na huu, naweza kuendelea au nimwachie mwingine? Mwachie yeye aamue, ndo kazi yake. Ila ukishaendelea usimdokeze mwandishi kwa lolote, sio kwenye harusi, sio kwenye grupu la WhatsApp, sio kumpongeza kwa kukonyeza.

Dada Mwalimu, sijui kama hili ni swali. Makala yangu ya kwanza imekataliwa, mhakiki kaandika "mwandishi huyu hana msingi wowote, arudi darasani, au atafute mwanaume mwenye uzoefu amsaidie takwimu". Nimelia siku mbili. Niko Mwanza, nina watoto wawili, nilikua naandika usiku wakilala.

Pole sana mdogo wangu. Ni swali, na jibu lake ni kwamba hayo sio maneno ya uhakiki, na mhariri alikua na wajibu wa kuyazuia kabla hayajakufikia.

Mwaka 2015 mtafiti wa Uingereza, Fiona Ingleby, na mwenzake wa Australia walipeleka mswada kwenye jarida la PLOS ONE, na mada yenyewe ilikua tofauti za wanawake na wanaume wanapomaliza PhD na kuingia kwenye utafiti. Mhakiki akawajibu watafute mwanabiolojia mwanaume mmoja au wawili washirikiane nao. Ingleby hakunyamaza, aliyaweka yale maneno hadharani. Jarida likaomba radhi, likamwondoa mhakiki kwenye orodha yake, mhariri aliyepitisha ile ripoti akaombwa aondoke kwenye bodi, na mswada ukasomwa upya na watu wengine. Sasa hayo uliyoandikiwa wewe yana tofauti gani na yale?

Kata rufaa. Usiandike ukiwa bado unalia, subiri wiki, alafu nakili ile sentensi kama ilivyo, weka kwa mhariri mkuu, omba mswada usomwe na mhakiki mwingine. Kando ya hapo tafuta kwenye ile ripoti kama kuna kitu chochote cha kweli kuhusu takwimu, hata kimoja, ukirekebishe, sio kwa ajili yake, ni kwa ajili ya makala. Ikikosekana kabisa peleka jarida jingine. Na usiku ule uliokua unaandika watoto wakiwa wamelala haukupotea, una mswada mkononi, wengi wana wazo tu.

Wahakiki mnaosoma hapa, mnaweza kukataa kazi moja kwa moja bila kumgusa mtu. "Hitimisho halitokani na data zilizopo" inakataa vizuri tu.

Mwalimu nina mswada wa mtu tangu mwezi wa nne, mhariri kaniandikia mara tatu sijajibu, kila nikiufungua nafika jedwali la pili silielewi nafunga. Kulikua na msiba pia. Sasa naona aibu hata kumjibu. Nikae kimya tu atafute mwingine?

Barua yako nimeiweka mwisho kwa sababu imenigusa pabaya. Miaka ya nyuma nami nilikaa na mswada wa kijana mmoja miezi 7, sikua na msiba wala nini, nilikua nauahirisha tu, na kila mhariri alipoandika nikasema wiki ijayo. Baadae sana nilikutana na kijana huyo kwenye kongamano, tukakaa meza moja ya chakula, akawa anasimulia jinsi alivyokosa kupanda cheo mwaka ule kwa sababu makala yake ilikwama kwa mhakiki asiyejulikana, na mwaka uliofuata utaratibu ukabadilika ikabidi asubiri tena. Alisimulia bila hasira, anacheka. Nilijua tarehe, nilijua mada, nilijua ni mimi. Sikuthubutu kumwambia, na mpaka leo sijamwambia.

Kwahiyo usikae kimya. Kimya chako ndo kinamfunga, maana mhariri hawezi kumpa mtu mwingine akiwa bado anakutegemea wewe. Mwandikie leo, sentensi mbili tu, samahani nimechelewa, naweza kumaliza kufikia Jumatatu, au siwezi naomba umpe mwingine. Usieleze historia yote, msiba utaje kwa neno moja inatosha, mhariri anachohitaji ni tarehe. Akikuambia endelea, anza na hilohilo jedwali la pili, na kama hata Jumatatu bado hulielewi basi andika hivohivo kwenye ripoti: jedwali la pili sikulielewa, naomba mwandishi aeleze safu ya tatu inapima nini. Umekaa nalo tangu mwezi wa nne na wewe ni mtu wa fani, inawezekana kabisa tatizo liko kwenye jedwali.